Kulihamisha Darasa Bila Kuliacha Jibu

Mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma na kuazimia kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa Tanzania aliyetimiza umri wa kwenda shule awe amekwisha kuingia darasani, hesabu moja ilidhihirika upesi kuliko zote: walimu hawakutosha, na vyuo vya ualimu vilivyokuwapo, hata vile vikongwe kama cha Mpwapwa katika mkoa wa Dodoma, visingeweza kuwapika kwa wakati. Ndipo ulipoanza, mwaka 1976, mpango wa kuwafundisha walimu wakiwa kazini mwao. Kijana aliyehitimu darasa la saba alipewa watoto wa kufundisha, na huku akifundisha alikuwa naye akifundishwa: kwa masomo yaliyochapwa akapelekewa, kwa vipindi vya redio, kwa mkufunzi aliyemzungukia shuleni kwake, na mwishoni kwa semina ya wiki sita katika chuo cha ualimu. Vijana zaidi ya 40,000 waliingia katika mpango huo, na wengi wetu tuliopata kusoma katika shule za vijijini miaka ile tulishikwa mkono kwenye herufi ya kwanza na mmoja wao.

Naitanguliza habari hii kwa muradi maalumu. Siku hizi, katika vyuo na ofisi za Dodoma, limekuwa neno la kila kikao kwamba mafunzo yaliyokuwa yakitolewa darasani yageuzwe kuwa kozi za mtandaoni, tena kozi shirikishi, ambazo mwanafunzi huuliza, hujibu, hujaribiwa na kusahihishwa hapo hapo alipo. Wengi hulinena jambo hili kana kwamba limeshuka juzi pamoja na simu janja, ilhali nchi hii ina tajriba ya nusu karne ya kumfundisha mtu aliye mbali na mwalimu wake. Na tajriba hiyo ina funzo ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko mitambo yote: kwamba chombo, kiwe barua, redio au kompyuta, hulichukua neno la mwalimu hadi kwa mwanafunzi kwa wepesi mkubwa, lakini taabu yote ya elimu ya masafa imo katika safari ya pili, ile ya swali la mwanafunzi kumfikia mwalimu, na jibu la mwalimu kurudi kabla muulizaji hajakata tamaa.

Yafaa kwanza tulifanyie insafu darasa lenyewe, maana haiwezekani kukihamisha kitu usichokijua. Wenye kulishutumu darasa la kale, kwamba mkufunzi hunena na wanafunzi hunakili, hawakosei sana. Mihadhara mingi ni hivyo, na mwanafunzi aliyeketi safu ya nyuma katika ukumbi wenye watu mia tatu aghalabu huwa mbali na mhadhiri wake kuliko yule wa zamani aliyesikiliza redio akiwa Kondoa. Lakini darasa lina mambo mengine yasiyoandikwa katika mtaala wowote. Mkufunzi huona uso uliokunjamana, akarudia maelezo bila kuombwa. Jirani humnong'oneza jirani, "Amesema nini hapo?", akajibiwa. Baada ya kipindi, wanne watano husimama kivulini, wakabishana juu ya mfano uliotolewa, na mbishi kuliko wote ndiye anayewafahamisha wenziwe, naye mwenyewe akafahamu anapojieleza. Mambo haya ni madogo, hayana bajeti, na hayo ndiyo hupotea kwanza somo linapohamishwa, kwa kuwa mwenye kuhamisha huchukua kile anachokiona mezani, yaani maandishi ya mhadhara, akaviacha vile visivyoshikika.

Kwamba hata vile visivyoshikika vinaweza kuhamishwa, hilo lina ithibati. Mwaka 1973 ilifanyika nchini kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo watu wapatao milioni mbili walijifunza, kwa muda wa wiki kumi na mbili, habari za malaria, kuhara, kichocho na maradhi mengine yanayozuilika. Redio ilinena na watu wote kwa pamoja na haikuweza kumsikia mtu hata mmoja. Na lau watu wangaliachiwa redio peke yake, nina yakini kwamba ingalikuwa ni matangazo kama matangazo mengine. Kilichoifanya kuwa mafunzo ni kwamba wasikilizaji walikuwa wamekaa katika makundi, kila kundi na kiongozi wake aliyekuwa amefundishwa kazi hiyo kabla, na mbele yao kijitabu. Wakasikiliza, wakasoma, wakajadiliana kama hali iliyotajwa ipo kijijini mwao, kisha wakakubaliana la kutenda, kama kuchimba vyoo au kufukia madimbwi, na wakaenda kutenda. Ushirikishi haukuwa baina ya mtu na chombo. Ulikuwa baina ya mtu na mtu, na chombo kiliwapa la kuzungumza.

Na sasa tuutazame mji wetu. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 juu ya vilima vya Chimwaga kwa azma ya kufikia wanafunzi 40,000, kilizaliwa na ndaki nzima ya sayansi za kompyuta na elimu ya mtandaoni, jambo lililoonyesha tangu mwanzo kwamba waasisi wake hawakukusudia mafunzo yaishie kwenye kuta. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kazi mwaka 1993, kina kituo chake hapa kama kilivyo na vituo mikoani kote, nacho kilitoka katika masomo ya karatasi kikaingia katika masomo ya mtandao hatua kwa hatua. Katika vyuo vingi vya namna hii programu inayotumika ni Moodle, ambayo ni ya bure, na ambayo ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia. Sikosi kufurahi ninapokumbuka kwamba mtu huyo alilelewa katika jangwa la Australia Magharibi, mahali penye ukavu kuliko Ugogo, na kwamba utotoni alisomeshwa kwa redio, mwalimu wake akiwa mamia ya kilometa mbali naye. Aliyejua upweke wa mwanafunzi wa mbali ndiye aliyetengeneza chombo chenye mabaraza ya majadiliano, kazi za kusomeana na nafasi ya kujibizana. Na ni huzuni kwamba sehemu hizo ndizo tunazozifungua mara chache kuliko zote.

Nasema hivyo kwa kuyaona. Nilipata kujiandikisha katika kozi moja ya mtandaoni, ambayo chuo chake nitakisitiri jina, na nilipoingia nikakuta kurasa za maelezo zilezile ambazo mkufunzi alikuwa akizionyesha ukutani miaka mitano nyuma, zikiwa na nukta zilezile fupi fupi ambazo yeye mwenyewe alipokuwapo alizieleza kwa mdomo, na ambazo sasa, bila ya mdomo wake, zilikuwa mifupa bila nyama. Mwishoni palikuwa na maswali kumi ya kuchagua herufi. Niliuliza swali katika baraza la majadiliano. Likakaa pale peke yake hadi kozi ilipofungwa. Sikujifunza kitu, nikapewa cheti. Najua kwamba wenye kozi ile hawakuwa wavivu, kwani waliambiwa wahamishe masomo, na walihamisha kila walichokuwa nacho katika kompyuta zao.

Mwaka 2020 ulituonyesha udhaifu huo kwa nchi nzima. Shule zilipofungwa tarehe 17 Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na vyuo vikafuata kesho yake, masomo ya shule yalipelekwa haraka katika redio na televisheni, na wakufunzi wa vyuo wakatuma maandishi kwa simu. Vyuo vilifunguliwa tena tarehe 1 Juni, na kwa kuwa mapumziko hayo yalikuwa mafupi kuliko ya nchi nyingi, hatukulazimishwa kukaa na tatizo hadi tukalitatua. Tulirudi madarasani tukashusha pumzi, na somo la miezi ile likasahaulika upesi kuliko lilivyostahili.

Basi kozi shirikishi iliyotengenezwa vyema ni ya namna gani? Nitatoa mfano mmoja na kukaa nao, kwa kuwa nadharia bila mfano ni kama ramani isiyotaja majina ya miji. Huko Hombolo, nje ya mji wa Dodoma, kipo Chuo cha Serikali za Mitaa, ambacho huwafundisha watumishi wa halmashauri na wa ngazi za chini yake. Tuseme somo ni wajibu wa mtendaji wa kijiji kusoma taarifa ya mapato na matumizi mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu wetu hukutana kila miezi mitatu. Darasani, mkufunzi angetaja kanuni, akaeleza sababu zake, akauliza kama kuna swali. Mwenye kuhamisha kwa uvivu ataziandika kanuni hizo mtandaoni, halafu ataweka swali la kuuliza mkutano hukutana kila baada ya miezi mingapi, na mwanafunzi atajibu mitatu, na wote wawili watadhani kwamba kazi imefanyika.

Mwenye kuhamisha kwa akili ataanza mwisho, katika kile ambacho mtendaji atatakiwa kukifanya siku ya mkutano. Atampa taarifa ya miezi mitatu ambayo ndani yake michango ya ujenzi wa zahanati imeandikwa kwa jumla moja bila stakabadhi, na mifuko ya saruji iliyolipiwa imezidi ile iliyopokewa. Atamwambia: mkutano ni kesho, andika kwa maneno yako mwenyewe ni mstari gani mzee wa kijiji atakaosimama kuuliza kwanza, na wewe utamjibu nini. Mwanafunzi haoni jibu la mwingine mpaka ameandika la kwake. Akishaandika, hufunguliwa majibu matatu ya watendaji wa kubuni: mmoja anayeahidi kulifuatilia, mmoja anayemnyamazisha muulizaji kwa cheo, na mmoja anayeusimamisha mkutano na kuomba kamati ya fedha ije na vitabu. Achague moja. Kila chaguo humpeleka katika mkutano ulio tofauti, wenye maneno ya wanakijiji yanayotokana na alichochagua, na katika mikutano miwili kati ya hiyo mitatu mambo huharibika, naye huona kwa macho yake yaliharibikia wapi. Ndipo kanuni inapoletwa, wakati mwanafunzi anaihitaji, nayo humkaa kichwani kwa sababu imemwokoa. Na mwisho wa yote, jibu lake la kwanza husomwa na mkufunzi mwenye jina, aliyeahidi kumwandikia mistari mitatu kabla ya siku tatu kwisha, kisha likawekwa mbele ya wenziwe sita wa kundi lake, ambao kila mmoja anatoka katika kijiji chenye kisa chake.

Tazama kwamba mfano huo hauhitaji picha zinazocheza wala video ndefu. Waweza kuchukuliwa wote kwa maandishi mepesi katika simu ya bei ndogo. Kinachohitajiwa ni mkufunzi aliyekwisha kuhudhuria mikutano ya vijiji mingi kiasi cha kujua watu husema nini, na muda wa kuviandika visa hivyo. Hapa ndipo penye kikwazo ambacho wakuu wengi wa vyuo hawakihesabu. Saa moja ya darasani, ikigeuzwa namna hii, huweza kumla mwandishi wake siku kadhaa za kazi. Na mkufunzi ambaye bado ana vipindi vyake vyote vya kawaida, na ambaye kazi ya kutunga kozi haimpunguzii hata kimoja, hana budi kupakia maandishi ya zamani akaondoka. Kisha, kozi ikianza, kuwajibu wanafunzi huchukuliwa kuwa ni hisani ya jioni, ilhali ndiko kufundisha kwenyewe. Chuo kisichoziingiza saa za kujibu katika hesabu ya mzigo wa mkufunzi kimekwisha kuamua, bila kusema, kwamba maswali hayatajibiwa.

Fauka ya hayo kuna nchi yenyewe. Mkoa wa Dodoma ulihesabiwa kuwa na watu 3,085,625 katika sensa ya mwaka 2022, waliotapakaa katika kilometa za mraba zaidi ya 41,000 za uwanda mkavu wenye msimu mmoja wa mvua. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unapita hapa, na katika ofisi za serikali za Mtumba intaneti huenda kwa kasi ya kuridhisha. Lakini mwalimu aliye upande wa Kibakwe au katika kata za pembeni za Chemba hununua bando kwa fedha ya mfukoni, huchaji simu pale penye umeme wa jua, na katika miezi ya kilimo, Desemba hadi Aprili, saa zake za jioni ni za shamba. Kozi inayomtaka awe hewani saa nane kamili mchana ili aingie katika kipindi cha moja kwa moja imemfungia mlango yeye aliyekusudiwa. Kinyume chake, somo linaloweza kupakuliwa mara moja, likasomwa na kujibiwa bila mtandao, kisha majibu yakaenda yenyewe simu ifikapo penye mnara, linamheshimu. Wajenzi wa kozi waliokaa mjini hulisahau jambo hili kwa sababu hawajalipia data kwa kuuza debe la mtama.

Nadhani njia bora tuliyonayo sasa, ingawa bado ni changa na ina mapungufu, ni ile ya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaitwayo MEWAKA. Chini ya utaratibu huo walimu hukutana shuleni mwao katika Jumuiya za Ujifunzaji, wakasoma moduli za Taasisi ya Elimu Tanzania, ambazo zinapatikana pia mtandaoni, wakajadiliana na kutazamana wakifundisha. Vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu baada ya hesabu kwisha, na kishikwambi kimoja chenye walimu sita wamekizunguka chini ya mbuyu wa shule, naamini, ni darasa lililo kamili kuliko walimu sita waliojifungia kila mmoja na simu yake. Huo ni urithi wa moja kwa moja wa makundi ya mwaka 1973, wala hauhitaji kuonewa haya kwa kuwa ni wa zamani. Upungufu wake uko palepale nilipopataja: jumuiya ikikwama, mara nyingi hakuna mkufunzi aliyepewa kazi ya kuikwamua.

Kuhusu lugha sitasema mengi, kwa kuwa hoja iko dhahiri. Mtu aliye peke yake na maandishi hana jirani wa kumnong'oneza maana ya sentensi. Kwa hiyo lugha ambayo darasani ilikuwa kero ndogo, mtandaoni huwa ukuta. Kozi kwa watumishi, wakulima na walimu wa msingi ziandikwe kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha sentensi kamili, na pale ambapo somo lazima liwe la Kiingereza, maelezo ya kazi na majibu ya mkufunzi yawe kwa lugha ambayo mwanafunzi huulizia maswali yake ya kweli.

Kuna na watu ambao mtandao ungeweza kuwafungulia mlango ambao darasa liliwafungia. Ukitoka Dodoma kwa barabara ya Morogoro utapita Buigiri, penye shule ya msingi ya wasioona yenye sifa ya siku nyingi. Mwanafunzi aliyetoka pale, akifika chuoni, darasani humtegemea mwenzake amsomee ubao. Katika kozi iliyoandikwa kwa maandishi halisi, programu ya kusoma kwa sauti humsomea yeye mwenyewe, akasimama, akarudia, akajibu. Lakini mkufunzi akipiga picha kurasa zake za kuandikwa kwa mkono na kuzipakia, programu hiyo huwa bubu, na mtu yule amefungiwa mara ya pili. Gharama ya kulizuia hilo ni uangalifu tu.

Wala si kila kitu kihamishwe. Katika kituo cha utafiti cha Makutupora, ambako zabibu za Dodoma huchunguzwa, mtu anaweza kujifunza kwa simu kwa nini mzabibu hupogolewa, na katika msimu upi, na magonjwa gani huingilia kidonda. Lakini pembe ya mkasi na tawi la kuachwa hujulikana kwa mkono, mbele ya mzabibu ulio hai na mtu anayekukanya kabla hujakata. Semina ile ya wiki sita mwishoni mwa mafunzo ya walimu wa 1976 ilikuwapo kwa sababu hiyo. Anayetaka kuondoa hata siku hizo chache za kukutana ana wajibu wa kuonyesha ni nini kitakachoshika nafasi yake.

Limebaki jambo moja ambalo husemwa pembeni, nami napenda lisemwe hadharani. Semina ya ukumbini huja na posho, nauli na siku za kupumzika ofisini, na watumishi wengi wa mishahara midogo wameitegemea posho hiyo kwa ada za watoto. Kozi ya mtandaoni huja na mzigo wa usiku bila malipo. Kumlaumu mtumishi anayeipokea kozi hiyo kwa uzito ni kukosa huruma. Ikiwa serikali au shirika linaokoa fedha za ukumbi na malazi, sehemu ya akiba hiyo na irudi kwa mwanafunzi, kwa njia ya bando na kwa saa za kazi zilizotengwa rasmi kwa masomo, na sehemu nyingine iende kwa mkufunzi anayejibu. Akiba isipogawanywa hivyo, watu watajiandikisha kwa amri na kutoweka kimya kimya, kama ilivyotokea kwa kozi kubwa za bure za vyuo vya Marekani zilizotangazwa kwa shangwe mwaka 2012, ambazo wanaozimaliza mara nyingi hawafiki hata 15 katika kila 100 walioanza.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa vyuo vya Dodoma na wenye dhamana ya mafunzo katika wizara zilizohamia hapa: kabla ya kununua programu, na kabla ya kurekodi video ya kwanza, andikeni katika ratiba jina la mkufunzi wa kila kozi, idadi ya wanafunzi anaoweza kuwajibu, na siku ambazo majibu yatatoka. Jina hilo likikosekana, acheni darasa libaki lilipo.